Komeo la Nje: Maisha ya Jabez Legg, Mchunga Kondoo

Nyie mnaoguna kule nyuma ya ghala kwenye magunia, nawaona, mnaambiana Keturah kazeeka na huzuni imemvuruga, basi nawaambia huzuni sina nafasi nayo leo, ukoo umenipa historia ya ndugu yangu niisome na nitaisoma yote, asiyeamini asubiri ushahidi.

Marehemu Jabez Legg alizaliwa tarehe 11 Februari 1852, juu ya kilima cha Hadden, ndani ya kibanda cha fito na majani ya ngano, kwa kuwa mama yetu alimpelekea baba chakula wakati kondoo wanazaa, uchungu ukamshika hukohuko, na baba alimaliza kwanza na kondoo aliyekuwa naye mkononi, ndipo akamgeukia mkewe. Kibanda cha siku zile ndivyo kilivyokuwa, upepo ukigeuka unakibomoa unakijenga upya, mvua ikinyesha unalala nayo.

Alisoma shule ya kanisa hapa Coombe Hadden kuanzia 1858 hadi 1861, akafukuzwa kwa kumvunja meno mwenzake aliyempiga mwana-kondoo jiwe, akapelekwa kilimani kufukuza kunguru, ambao huanza kula macho ya kondoo angali anazaa, na asubuhi moja alimkuta kondoo mmoja wamemaliza macho wameingia ulimi, akamchinja mwenyewe, akarudi nyumbani akala viazi vyake.

Mwaka 1874 shamba la Hallett lilitengeneza kibanda cha mabati chenye magurudumu manne ya chuma, jiko ndani, na chini ya kitanda kizimba cha wana-kondoo yatima, mlango ukawa na komeo la ndani, na jingine la nje la kuwafungia wadogo wasitoke mchunga anapokwenda zizini. Farasi alikivuta hadi juu, na Jabez, kabla hajavua koti, alichimbia magurudumu hadi kwenye mwamba wa chokaa, akayapigia kabari za mwaloni, maana kilima chetu ni mteremko na chini yake kuna shimo la machimbo. Humo alichuna ngozi za wana-kondoo waliokufa zingali moto, akawavika yatima, mama mfiwa akanusa harufu ya mwanawe akanyonyesha. Humohumo, Machi 1887, wezi wawili walimvamia, mmoja akaondoka bila sikio, Jabez akampigia kelele, "Rudi basi, umesahau kitu chako."

Alifunga ndoa na Thirza Bugler tarehe 6 Oktoba 1877, wakazaa watoto wawili, George aliyefariki mchanga, na Lettice aliye mbele yenu, na marehemu Thirza alikuwa akisema, "Mimi mke mdogo, mkubwa ana magurudumu."

Sasa kifo, na ndicho mnachogunia. Tarehe 27 Februari mwaka huu wa 1911, mbwa wa Rafe Hallett, mwana wa mwenye shamba, aliingia zizini akararua koo na matumbo ya kondoo wenye mimba, wana wakamwagika nje, Jabez akamvunja mgongo kwa fimbo yake ya ndoano. Jioni yake kibanda kiliteremka kilima kikiwa na Jabez ndani na jiko likiwaka, kikapinduka shimoni. Mzee Hallett akatangaza kuwa Jabez alisahau kabari, nanyi mkaitikia, na Lettice akaambiwa ahame nyumba ya shamba, kwa kuwa babake kaangamiza mali ya shamba kwa uzembe. Aibu ya mchunga haizidi hiyo.

Eli Stickland, mpanda farasi wa shamba, simama wakuone. Eli ndiye aliyemtoa, na alipasua mabati ya ubavuni kwa shoka, kwa sababu mlango ulikuwa mzima na komeo la nje lilikuwa limesukumwa hadi mwisho. Nani kati yenu hujifungia kwa nje?

Jabez alilala jikoni kwangu siku tano, ngozi ya mgongo ikibaki kwenye shuka kila tulipomgeuza, akili yake timamu, na alinieleza hivi, Eli akisikia: "Nilimwambia, Rafe, mwanangu, fungua, kuna wadogo humu. Akanijibu, Kaa na wenzako, mzee. Kisha nikasikia nyundo kwenye kabari." Alifariki tarehe 4 Machi, alfajiri. Kabari Eli alizikuta kwenye miiba, zina alama za nyundo, ziko mfukoni mwa konstebo.

Tumemwekea kishungi cha sufu ya kondoo mkononi, kama wachunga wote, ili Siku ya Hukumu aonyeshe kuwa Jumapili alikuwa na kondoo, ndiyo maana hakuonekana kanisani. Wewe Rafe, uliyekaa mstari wa mbele na kitambaa cheusi, sijui utashika nini.

Ukoo unamshukuru daktari aliyekuja na theluji magotini, majirani walioleta shuka, wachunga wa Hadden waliozalisha kondoo wake wakati yeye anakufa, na Eli. Jabez, komeo tumekufungulia, pumzika kwa amani.

Wachunga, lichukueni jeneza mtangulie, Lettice mfuate baba yako, na wengine wote tokeni, isipokuwa Rafe, konstebo ana neno naye na ataingia akiwa tayari. Mimi natoka wa mwisho. Mlango wa ghala hili naufunga mwenyewe, na komeo lake, mnalijua, liko nje.