Viatu vya Bado Jukwaani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye na watoto awatume nje wakacheze kidogo, maana leo tuna mtu wetu wa kumkumbuka. Tunamkumbuka mpiga gitaa aliyeitwa Bado. Bado amefariki. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Bado, mpiga gitaa wa bendi ya Jumapili, ile ya ukumbi ulio nyuma ya gereji, amefariki dunia.

Jina hilo alipewa na mashabiki. Wenzake wakichoka na kutaka kufunga wimbo, yeye alikuwa anageuza shingo na kusema, "Bado!" Basi, wimbo unaendelea. Wimbo wake mmoja, Tutafika Tukifika, ungeweza kuchukua robo saa Jumapili hii, na Jumapili ijayo ukala mchana mzima. Watu walitoka, wakanunua maji, wakagombana na wake zao kwenye simu, wakarudi na kuukuta wimbo bado uko njiani. Na haukuwahi kupigwa vilevile mara mbili. Ndiyo maana mashabiki walirudi kila wiki, zamani na redio kaseti, siku hizi na simu, wakirekodi kila kitu. Mpaka leo ukiwakuta mashabiki wawili wa Bado wamekaa pamoja, usiwaulize ni Jumapili ipi ilikuwa kali zaidi. Mmoja atanuna mwezi mzima.

Siku za kazi Bado alikuwa fundi friji. Dada yake alituambia hivi: "Kaka yangu na friji walikuwa wanaelewana sana. Watu ndio walikuwa wanamshinda. Ukimwambia neno anakujibu kesho. Lakini mpe gitaa, halafu mtafute wa kumnyamazisha!"

Na alifia kazini. Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwa jirani. Amepiga magoti nyuma ya friji, anabadilisha kompresa, bisibisi mkononi. Jirani akamuuliza kama atakunywa chai. Hakujibu. Jirani hakushangaa, si ndiyo kawaida yake? Akaenda zake kuchemsha maji. Aliporudi na kikombe, Bado alikuwa ameegemea ukuta, amekwenda.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nyuma ya Bado jukwaani alikaa mtu mmoja ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Shemeji. Ndiye mpiga dramu. Ni fundi makochi, na ni mume wa yule dada yake Bado niliyemtaja. Alikwenda nyumbani kwa kina Bado akiwa kijana, shati limepigwa pasi, kumchumbia msichana. Akakuta mazoezi sebuleni. Wakati anasubiri kuitwa akaanza kugonga meza kwa vidole, taratibu, na Bado akasimamisha gitaa. "Dada, wewe utaamua mwenyewe," akasema. "Lakini mimi huyu nimeshamchukua."

Tangu siku hiyo Shemeji alikaa nyuma ya Bado, zaidi ya miaka ishirini. Na anayekaa nyuma haoni uso. Anaona mgongo, mkanda wa gitaa, suruali na viatu. Bado alipotaka wimbo ugeuke, kisigino chake cha kushoto kiliinuka chenyewe. Alipotaka ufungwe, kiliinuka, kikabaki juu kidogo, halafu kikashuka. Kikishuka tu, bendi nzima imenyamaza. Mpiga besi na mpiga kinanda walimfuata Shemeji, Shemeji alifuata kisigino. Mashabiki hawakulijua hilo. Hata mke wa Shemeji hakulijua. Shemeji mwenyewe hakuwahi kulisema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na pengine hata yeye alikuwa amesahau kwamba anaangalia.

Baada ya maziko mashabiki waliomba siku ya kumbukumbu. Waliiomba kwa machozi, ukumbi uleule, Jumapili, wimbo uleule. Waliobaki kwenye bendi walikuwa watatu: besi, kinanda na dramu. Mpiga besi, ambaye ni dereva wa lori na hana maneno mengi, aliwaambia wenzake wakiwa wanafunga nyaya: "Tukiweza leo, bendi ipo. Tukishindwa, kila mtu achukue chombo chake aende nacho kwake."

Hakuna aliyetaka jambo hilo liwezekane kuliko Shemeji. Makochi yalimlisha, sikatai. Lakini mkewe anasema Jumapili ndiyo siku pekee aliyoamka bila kuitwa, na akawa anaimba bafuni, vibaya. Siku ile pia aliamka mwenyewe. Ila hakuimba.

Ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Mama mmoja muuza vitambaa, shabiki wa tangu zamani, alikuwa amekwenda kwa mjane na kumwomba viatu vya Bado, vile vya kahawia vya kupandia jukwaani. Mjane alitoa, analia. Yule mama akavipiga rangi vikang'aa, akaviweka mbele ya jukwaa, pale pale Bado alipokuwa anasimama. Watu wakapiga makofi. Kwa kweli ulikuwa upendo. Mimi nilikuwapo, nami nilipiga makofi.

Bendi ikaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri ajabu. Kinanda kilishika sauti ya gitaa, besi likatembea, watu wakafumba macho. Shemeji alisema baadaye kwamba kwa muda kidogo alijipa moyo. Aliwaza, kumbe inawezekana.

Halafu ikafika mahali wimbo unatakiwa kugeuka. Mpiga besi akamtazama Shemeji. Mpiga kinanda akamtazama Shemeji. Na Shemeji, wasikilizaji wapendwa, akatazama chini mbele yake, kama alivyofanya Jumapili zote. Akaviona viatu.

Akasubiri kisigino kiinuke.

Alijua vizuri kwamba mwenye viatu amezikwa. Alilibeba jeneza yeye mwenyewe, bega la kulia. Lakini macho yake hayakubanduka pale, na mikono ikawa inazunguka mahali pamoja, pigo lilelile, lilelile, lilelile. Mashabiki wakahisi mambo yamekwama, wakataka kusaidia. Mmoja akainua mkono juu, kwa sababu kwenye Jumapili yake aliyorekodi wimbo uligeuka Bado alipoinua mkono. Mwingine akapiga mluzi. Mwingine akatikisa kichwa kwa nguvu akionyesha hapana, hapana, sivyo, Bado alikuwa anainama kwanza. Wote walikuwa sahihi, kila mtu na siku yake. Huku mbele viatu vimetulia, vinang'aa.

Shemeji akaacha kupiga. Katikati ya wimbo, si mwanzo si mwisho, akaacha tu. Besi likaacha. Kinanda kikaacha.

Na unajua watu walifanya nini? Walifurahi. Walidhani ni zile mbinu za Bado, kusimamisha wimbo ghafla ili aurudishe kwa kishindo. Ukumbi mzima ukaanza kupiga kelele kwa raha: "Bado! Bado! Bado!" Shemeji akaweka vijiti chini, akapitia mlango wa nyuma.

Mkewe alimkuta uani, amekaa kwenye tairi kuukuu.

"Mume wangu, kuna nini?"

"Viatu."

"Viatu vina nini?"

Ndipo akamweleza habari ya kisigino, kwa mara ya kwanza maishani. Mkewe akasikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa khanga.

"Sasa si ungesema tu? Ngoja niende nikaviondoe, uanze upya. Watu wanakusubiri."

"Ukiviondoa, nitaangalia wapi?"

Wakakaa wote wawili kwenye lile tairi, huku ndani watu wakiendelea kuita, "Bado! Bado!"

Bendi ile haipo tena. Naomba nirudie, maana tumepokea ujumbe mwingi mkiuliza: bendi ya Jumapili haipo tena. Mpiga besi amerudi kwenye lori lake. Ukumbi sasa wanaweka vipuri. Mashabiki hawajakubali. Wanakwenda kwenye karakana ya Shemeji kila siku na makochi mabovu ili wapate kumsihi. Wengine, nasikia, kitambaa wamekichana wenyewe. Shemeji anatengeneza kochi, anashona vizuri, anarudisha. Habari ya muziki haigusi.

Tulimtembelea. Alikuwa anapigilia ngozi kwenye kiti, misumari mdomoni. Aliitoa, akasema: "Wananiambia nijifunze kuongoza. Nimejaribu. Najifungia na dramu, napiga pale mwanzo, nafika pale pa kugeuka, nasimama. Umri wote huu nilijua kumfuata yeye. Basi. Kingine sikujifunza, na aliyenifundisha hayupo." Akairudisha misumari mdomoni.

Tunatoa pole kwa mjane, kwa dada wa marehemu, kwa familia yote, na kwa mashabiki popote mlipo na kaseti zenu. Ningependa kuwaambia kwamba yatapita. Sijui kama yatapita. Ninachowaomba ni kila mmoja wenu afikiri, jioni hii, ni nani anayemtazama kila siku ili ajue pa kwenda, na kama mtu huyo analijua hilo. Bado hakujua. Shemeji anasema hakuwahi kumwambia, na hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Desturi yetu ni kufunga kwa wimbo wa marehemu, na mlituletea rekodi nyingi. Hatutapiga hata moja. Shemeji ametuomba, kwa sababu redio ya karakana huwa iko wazi. Alisema, "Nikisikia lile gitaa, shingo inageuka yenyewe kumtafuta. Na wateja wananiona."