Klachi ya Mashindano na Maziwa ya Ngamia

Katika basi la Masalani, kijana Ayanle alikuwa amepakata klachi mpya ya magari ya mashindano kama mtoto mchanga. Mimi niliyeketi nyuma yao nimelea wanne, na hakuna niliyempakata hivyo.

"Nimeweka injini ya nguvu za farasi mia nne, wallahi," alimwambia abiria wa kando yake, fundi mmoja wa Kitui aitwaye Muema. "Klachi ya kawaida itateleza."

"Na gari yenyewe inabeba nini?"

"Maziwa ya ngamia ya hooyo, mama yangu. Lazima yafike Garissa kabla hayajachacha."

Muema alicheka bila haraka. "Kijana, mchangani unataka klachi inayoshika polepole. Hii inakamata ghafla, kama askari wa kizuizi cha barabarani. Magurudumu yatachimba shimo, na farasi wako wote watalala humo."

"Mzee, wewe hujaona mwendo wangu."

"Nimeona magari ya mwendo yakivutwa na punda."

Walibishana hadi basi liliposimama. Chini alingoja mwanamke mwenye mitungi sita ya maziwa. Alimuuliza mwanawe kama gari litatembea leo.

"Hooyo, litaruka."

"Sikuuliza kuruka," akasema.