Afisa wa Kiti cha Nyuma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ndiye Meneja wetu wa Kanda, Ndugu Mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki, Fundi Mkuu na mafundi wote, ndugu waendesha pikipiki mlioegesha vizuri, na nyinyi mlioegesha kama kawaida yenu, wageni waalikwa, na kwa heshima ya pekee, mama yetu tunayemuaga leo, ambaye nusu ya mji huu inamfahamu kwa jina la Mama Breki: habari za mchana.

Nimepewa dakika kumi, na nimeombwa nisiseme yote. Nitajitahidi katika hilo la dakika.

Mimi ndiye mtu wa dirishani. Kwa miaka mitatu nimepokea betri zilizoisha kwa mkono wa kushoto na kutoa zilizojaa kwa mkono wa kulia. Mheshimiwa, nani kati yetu asiyejua uzuri wa mpango huu? Betri si yako, umeikodi. Haikusumbui ikizeeka, hukai nyumbani muda wa saa nne ukiitazama ikichaji, hugombani na mwenye nyumba juu ya umeme. Unafika, unachomoa, unachomeka, unaondoka. Dakika moja na nusu, nimewapima. Mpango huu unataka jambo moja tu kwa mwanadamu: asiipende betri. Basi, ndugu zangu, tukampata mtu akaipenda.

Simtaji jina. Ameketi safu ya pili, ana shati la mistari, mnamwita Kipanga kwa ajili ya mwendo wake, na ni mkwe wa Mama Breki. Miaka miwili iliyopita Kipanga alikuja dirishani, akaweka betri kaunta taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaniambia, "Dada, hii imenifikisha kilomita themanini na tano."

Nikamwambia hakuna betri hapa inayopita sitini.

"Hii imepita. Wiki nzima nimepewa hii hii kila asubuhi, na wiki nzima imepita." Akainama kusoma namba ya kampuni kwenye kibandiko. "Arobaini na Saba. Niwekee."

Nikamwambia haziwekwi. Akaondoka akigeuka nyuma mara tatu.

Ningenyamaza hapo, yangeishia hapo. Lakini siri ya Kipanga ilikaa kifuani mwake kama maji kwenye kikapu. Siku ya pili watu wanne waliiomba Arobaini na Saba. Siku ya sita nilikuwa na betri thelathini na tisa zilizojaa kwenye rafu, zikiwaka taa za kijani kama mboga sokoni, na nje watu kumi na wanane wameketi kivulini wakisubiri moja. Mmoja alikuja na mkeka. Nikamuuliza Mwenyekiti wetu, mtu mzima, mwenye miwani, "Unangoja nini, kaka?" Akanijibu, "Foleni ni foleni." Walisubiri saa nne, katika mpango uliobuniwa ili wasisubiri saa nne. Abiria wao walikwenda kwa miguu, wengine wakarudi kwenye pikipiki za petroli. Ndipo ofisi kuu ikatuandikia barua: kituo hiki kisiporekebika ndani ya siku thelathini, kifungwe. Mheshimiwa, barua ile uliisaini wewe. Sina kinyongo. Lakini nina watoto wawili shuleni, na usiku ule niliisoma mpaka nikaikariri.

Fundi Mkuu aliipima Arobaini na Saba mbele ya umati. Akatangaza kwamba katika betri zote arobaini, ile ndiyo dhaifu kuliko zote. Umati ukamsikiliza kwa adabu. Kisha Kipanga akasema, "Mashine yako inamwonea wivu," na watu wakapiga makofi.

Sasa naungama jambo ambalo uongozi haujalijua mpaka leo. Mheshimiwa, tafadhali endelea kunywa maji yako. Jumamosi ile nilifunga mlango, nikachapisha vibandiko, nikazibandika betri zote arobaini namba ile ile: arobaini na saba.

Jumatatu ilikuwa sherehe. Kila aliyefika aliipata, kila mmoja alinishukuru kwa kunong'ona kama ndugu yake wa damu. Jumanne walianza kurudi wakisema Arobaini na Saba amechoka, amesemwa sana, kuna mtu amemharibu. Jumatano, kwenye taa za barabarani, Kipanga na Mwenyekiti walisimama sambamba, kila mmoja akatazama chini ya kiti cha mwenzake. Waliletwa hapa na watu sita waliowaamua, wamebaki na shati moja kati yao wawili. Nikakiri pale pale. Nikawaambia, "Sasa mmeelewa? Zote ni sawa!" Wakaelewa, wageni waalikwa. Wakaelewa kwamba Arobaini na Saba wa kweli amefichwa kati ya wale wa bandia. Wakaanza kuzinusa.

Huko nyumbani kwa Kipanga, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alikuwa hali, halali, na kila jioni anatoka uani kupiga simu kwa sauti ya chini: "Yuko wapi leo? Amelala kwa nani?" Laiti angesema iko wapi, imelala kwa nani! Mkewe angecheka, angepakua chakula. Lakini mapenzi yalishampandisha betri ngeli, kutoka ya vitu hadi ya watu, na mkewe aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alifunga nguo zake kwenye begi. Akampigia mama yake.

Alhamisi saa tatu asubuhi, mama alishuka kwenye basi akiwa na mwavuli, akaja moja kwa moja dirishani kwangu.

"Wewe ndiye bosi wa hapa?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Niitie huyo Arobaini na Saba. Atoke nje, tuzungumze kama wanawake."

Mheshimiwa, ningejibu nini? Nilijibu ukweli. "Mama, yupi? Wako arobaini."

Mwavuli ulipiga kaunta mpaka rafu zikatikisika. "Arobaini! Na mwanangu ndani ya nyumba!"

Nilimfungulia mlango, nikamwonyesha. Akazitazama betri moja baada ya nyingine, akasoma vibandiko, akaketi juu ya kreti. Nikamweleza kuanzia mwanzo: Kipanga, wiki moja, kilomita themanini na tano. Kisha akaniuliza wiki ipi. Nikamtajia.

"Wiki hiyo," alisema polepole, "nilikuwa kwao. Natengenezewa meno. Alinipeleka kwa daktari kila siku, ng'ambo ya mji, na kunirudisha, na katikati nilikataa kushuka kwa sababu nilitaka kuona mji."

"Sasa, mama, betri inahusika vipi?"

"Mwanangu, yule akiongeza mwendo, mimi namfinya mbavuni."

Nilikwenda mbio kumwita Fundi Mkuu, na Fundi Mkuu akashika kichwa. Kumbe kilomita zile hazikutoka kwenye betri. Zilitoka kwenye vidole viwili vya mwanamke mwenye umri wa miaka sitini na nne! Mwendo wa wastani, kutoondoka kwa pupa, kutofunga breki kama umeona nyoka: yote tuliyoyaandika kwenye bango lile pale, ambalo nyinyi mnaliegemezea baiskeli.

Mwenyekiti hakuamini. Tukampa betri iliyochoka kuliko zote, tukampakia mama nyuma, wakaenda mpaka kiwandani nje ya mji na kurudi, mara mbili, safari ambayo kwa kawaida huimaliza betri nzima. Alipofika, Fundi Mkuu alisoma chaji iliyobaki, asilimia ishirini na nane. Mwenyekiti alinyanyua shati, tukasoma alama za kufinywa ubavuni mwake. Jioni ile ile mama alimrudisha binti yake nyumbani, akamkalisha Kipanga kitini, akamwambia, "Mkwe wangu, kitu cha kuchaji kiite kitu." Begi likafunguliwa.

Kesho yake watu kumi na wanane walipanga foleni. Hawakutaka tena betri. Walimtaka yeye.

Ofisi kuu haikuwa na cheo cha kazi hiyo, ikaandika barua ya ajira kama Afisa wa Kiti cha Nyuma. Kwa miaka miwili amefundisha madereva hamsini na mmoja, mmoja mmoja, kwa mkono. Kituo hakikufungwa, na kingine kimefunguliwa. Mnachukua betri yoyote, mnaondoka, hamtazami namba. Mama, watoto wangu wako shuleni kwa sababu yako, na kwa hilo sina neno linalotosha.

Mtaniuliza, kama ni hodari hivyo, kwa nini anastaafu? Ratiba inasema ni umri. Mwezi uliopita mama aliomba kujaribu kiti cha mbele cha pikipiki ya Kipanga, mpaka dukani tu. Siku ile alinijia dirishani mara tatu. Mara ya tatu nikamuuliza, "Mama, zote zimeisha?" Akanijibu, "Nipe nyingine, mwanangu, usiniulize maswali." Wiki iliyofuata Kipanga aliitwa na askari wa barabarani kwa kosa la mwendo kasi. Aliapa kwamba si yeye, na hakuna aliyemsadiki, mpaka picha ya kamera ilipoonyeshwa: kofia ngumu, miwani ya kusomea, na tabasamu ambalo sijawahi kuliona usoni mwa afisa yeyote wa kampuni hii. Basi uongozi na mama wakakubaliana, kwa upendo, kwamba sasa apumzike.

Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba kamati ya zawadi ilikuwa imeshanunua zawadi. Ndiyo pikipiki ile, imefungwa utepe. Imeshawekwa betri.

Mama, nakuona. Subiri kidogo, bado Mgeni Rasmi hajakukabidhi ufunguo... Nani amempa ufunguo?

Wageni waalikwa, nawashukuru kwa subira yenu na kwa masikio yenu. Waliokaa upande wa lango, nawaomba kwa heshima zote msimame, mshike viti vyenu, na msogee.