Dobi Aliyechanganya Mashuka

Kamati ya sherehe, mmeniudhi, na nawaambia kabla sijaanza. Mtu amefua mashuka ya hospitali hii miaka thelathini na minane, leo Ijumaa ndiyo anavua buti zake za mpira kwa mara ya mwisho, halafu kwenye jalada la programu mmeweka picha ya jengo jipya! Kwani jengo ndilo linalostaafu? Picha ya mzee mmeibana ukurasa wa nyuma, kando ya tangazo la maegesho ya magari, tena amefumba jicho moja kama anamkonyeza mtu. Hamna haya.

Basi tuendelee. Dobi wetu mkuu, ambaye wote mnamwita Povu na nusu yenu mnadhani hana jina jingine, anastaafu wiki hii hii nchi inapotimiza miaka hamsini ya uhuru. Ofisi imeniagiza niandike wasifu wake niusome hapa, na humo humo nieleze mafanikio na changamoto za miaka hiyo hamsini. Mimi nimeishia darasa la nne. Lakini nimeshona na kutia viraka katika chumba kinachopakana na dobi, yaani chumba cha kufulia, tangu nikiwa binti, na hata nilipostaafu mliniita nirudi, kwa sababu mliyemleta alikuwa anaiogopa cherehani. Mambo ya Povu nayajua kuliko mkewe. Mafanikio nitayataja. Hizo changamoto zamani tuliziita shida, na mimi nitaendelea kuziita hivyo.

Povu aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, suruali imeshikiliwa na kamba. Uhuru ulikuwa na miaka kumi na miwili. Bendera ilikuwa imebadilishwa siku nyingi, ila mashuka yalikuwa hayajapata habari. Yalikuwapo mashuka ya wodi ya juu, mazito, yenye uzi mwekundu kwenye pindo, yakichemshwa peke yake. Na yalikuwapo ya wodi ya chini, kiraka juu ya kiraka, yakichemshwa baadaye katika maji yale yale. Wodi ya juu walikuwa wakilala wakoloni. Walipoondoka wakaja kulala wakubwa wetu wenyewe, na hakuna aliyeuliza ule uzi bado unafanya nini.

Wiki yake ya kwanza Povu aliachiwa birika kubwa la kuchemshia. Sherehe za uhuru zilikuwa zimekaribia, kazi imemzidi, kutenga huku na huku kumemchosha. Akatumbukiza yote pamoja, ya juu na ya chini, akaongezea na pazia jekundu la ukumbi wa mikutano ambalo nalo lilitakiwa liwe safi. Jamani! Hospitali nzima ikageuka pinki. Shuka pinki, foronya pinki, viraka pinki, na ule uzi mwekundu hata mwenye miwani asingeuona. Matroni wa wakati ule, mwanamke mwenye sauti ya king'ora, akasimama mlangoni.

"Wewe! Umefanya nini?"

"Nimefua, mama," Povu akajibu.

Alikuwa afukuzwe siku hiyo hiyo. Bahati yake, mgeni rasmi alikuwa ameshafika getini na mashuka mengine hayakuwapo. Mgeni akapitishwa wodi ya juu, akapitishwa wodi ya chini, akakuta wagonjwa wote wamelala kwenye rangi moja. Aliposimama kuhutubia akasema amezunguka nchi nzima, lakini hapa ndipo alipouona uhuru kwa macho yake. Watu wakapiga makofi mpaka viti vikayumba. Nani tena angemfukuza Povu? Matroni alimeza hasira kama kidonge bila maji.

Pinki ilichukua karibu mwaka kutoka. Ilipotoka, hakuna aliyejali tena shuka lipi ni la nani. Tangu hapo dobi ikawa na lundo moja, na shuka likikauka linakwenda kitanda chochote. Povu mwenyewe hakujua amefanya jambo kubwa mpaka alipolisikia kwenye hotuba, lakini baada ya hapo alilikumbatia kana kwamba alilipanga. Akija ndugu wa mkubwa fulani na shuka lake la kufuliwa pembeni, Povu humwonyesha beseni na mche wa sabuni, humtakia kazi njema.

Msidhani lakini alikuwa malaika. Ana kelele, anafunga milango kwa teke, na sukari ya chai yangu amekula ya kutosha kujaza gunia. Mashine ya kwanza ya kufulia ilipoletwa haikufungwa vizuri sakafuni. Ilipoanza kuzungusha ikatembea, ikamfuata Povu mpaka kwenye kona, naye akapanda juu ya meza ya pasi akimwita mama yake. Siku hizi ukimkumbusha anakwambia alipanda kuangalia taa.

Sasa mafanikio. Alipoanza kazi, mashuka madogo ya wodi ya surua yalikuja kila asubuhi, lundo likafika dirishani, na mengine yalikuja na kilio nyuma yake. Chanjo zikaja. Lundo likapungua, likapungua, mpaka siku moja Povu akatoka nje kuuliza kama wodi imefungwa. Leo chumba kile wanawekea viti vya magurudumu. Zamani madaktari wote walikuwa wageni, wewe unaeleza tumbo, yeye anaangalia dari. Leo anayewapasua na kuwashona vizuri ni binti wa mfagizi wetu, aliyekuwa akikaa kwenye ngazi za dobi akifanya hesabu za shule. Hayo tumeyafanya sisi, na anayesema uhuru haukuleta kitu aje nimwambie ana kwa ana.

Na wewe mwanangu Mkurugenzi, usikunje uso. Ulizaliwa hapa hapa mwaka ule wa pinki. Mama yako alikuwa muuza mkaa, na nilimtandikia mimi shuka zito lililokuwa la wodi ya juu. Ulilikojolea kabla sijageuka.

Shida nazo zipo. Umeme hukatika mashine imejaa, tukayatoa mashuka yakichuruzika na kuyakamua kwa mikono, Povu upande huu, mimi upande ule, tukivutana kama watoto. Hiyo tumeizoea na tunaicheka. Ambayo siicheki ni hii. Mwezi uliopita binti yake wa mwisho alikuja kujifungua. Wodi ya wazazi kitanda kimoja wanalala wawili, na shuka halikuwapo hata moja. Binti akalala juu ya kitenge chake. Mtoto mzima, anapiga kelele kama babu yake, tunashukuru. Lakini Povu alikwenda stoo, akakuta mashuka mapya yamepangwa mpaka juu, yana mstari wa kijani, hata plastiki hayajatolewa.

"Hayo ni ya jengo jipya, mzee," mwenye stoo akamwambia. "Ya wanaolipia."

Povu alifunga ule mlango kwa mkono, taratibu. Hapo ndipo nilipojua ameumia.

Wiki hiyo hiyo akaitwa ofisini, akaombwa abaki kwa mkataba, asimamie dobi ya jengo jipya, mashine mpya, mshahara wa kueleweka. Akauliza kitu kimoja tu: mashuka yatachanganywa? Akaambiwa hapana. Akasema basi anakwenda kulea mjukuu. Mkewe alimnunia siku nzima, jioni akamwambia amefanya vizuri. Juzi tukikunja mashuka aliniambia hofu yake yote ni Jumatatu jengo jipya likifunguliwa, asubuhi watakapoanza kutenga tena ya juu na ya chini, kama vile yeye hakupita hapa.

Jengo lenyewe ni zuri. Nimepanda mpaka juu, kwa miguu, maana lifti ilikuwa imelala. Anayetaka chumba chake alipie, alipie na televisheni. Ila miaka hamsini ya uhuru hatukuitembea ili turudi kwenye ule uzi, safari hii wa kijani.

Povu, mdogo wangu, asante kwa kila shuka. Kula ukiwa umekaa, lala mpaka jua likukute kitandani, na usimfulie mtu hata leso. Afya iwe nawe, na nyumba yako iwe na vicheko.

Nyie mliobaki, nyanyukeni. Mwenye stoo, fungua kabla soda hazijafunguliwa. Toa mashuka yote yenye mstari, Mkurugenzi abebe furushi la kwanza, myatumbukize pamoja na ya zamani mzee akiwa bado yupo anawaona. La kwanza kukauka likatandikwe wodi ya wazazi.