Barua Niliyoifungia Ndani ya Biblia

Ndugu zangu, kama ningerudishiwa siku moja tu, ningekataa jambo hili: kuiweka barua ya daktari ndani ya Biblia na kuifunga.

Binti yangu alikuwa akishona sare za shule huko Masara. Jicho moja likaingia ukungu. Akaniambia, "Baba, nikiinama ni kama stima ya waya inashuka mgongoni." Hospitalini Homa Bay wakamwandikia barua aende Kisumu, akapigwe picha ya kichwa.

Kaka yangu akaisoma, akacheka. "Picha ya nini, omera, ndugu yangu? Kwani anaolewa? Hii ni chira. Ulijenga boma lako kabla yangu mimi mkubwa wako. Mwiko umevunjwa, mtoto analipa."

Mimi, mzee wa kanisa, niliyesoma hadi kidato cha nne, nikakubali. Niliogopa lawama za ukoo kuliko ugonjwa. Tukamnywesha manyasi, ile dawa ya miti ya kuondoa chira. Baada ya wiki tano jicho likaona. Nani angenibishia?

Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi. Manyasi tena. Akainuka, lakini mguu mmoja akawa anauburuta. Mara ya tatu alianguka kando ya cherehani, miguu yote miwili ikakataa kumbeba. Nikaleta chupa, akaisukuma.

"Baba, kila mara mnasema nimepona, na kila mara nabaki nimepungua. Ile barua iko wapi?"

Niliifungua Biblia mbele yake. Sikuweza kumtazama.

Kisumu walipiga picha, wakapima maji ya uti wa mgongo. Ni multiple sclerosis, daktari akasema: kinga ya mwili inakula utando wa mishipa ya fahamu, kama waya uliobanduliwa plastiki. "Mzee, shambulio mara nyingi hutulia lenyewe. Dawa ya miti mliipa sifa bure. Hii yetu itapunguza mashambulio mapya, lakini haitarudisha kilichoharibika."

Tangu aanze dawa hajapata shambulio jingine. Namshukuru Mungu kwa hilo. Nawashukuru akina mama wa hapa Kosele mnaokuja kumnyoosha viungo, na muuguzi mmoja aliyenifundisha kumtunza bila kunikaripia.

Nawaambia, mgonjwa wenu akipata nafuu, msifunge barua. Mpelekeni hivyo hivyo akiwa na nafuu.

Binti yangu anaona. Anashona kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu miguu haiwezi kukanyaga pedali, na hatatembea tena. Miguu yake ingeweza kuokolewa mapema. Mimi, baba yake, ndiye niliyechelewesha.