Nafasi ya Tano ya Mwalimu Domitila

Ndugu, jamaa na majirani wa Huayllapata, mimi ni Nélida, binti mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi hii ambayo sikuiomba, naomba mnivumilie.

Mama yetu, Mwalimu Domitila Huarcaya, alizaliwa hapahapa tarehe 12 Mei 1944, mtoto wa tatu wa wafuga kondoo, akasoma shule ya msingi ya kijiji, kisha chuo cha ualimu Ayacucho, alikohitimu Desemba 1966, na Machi iliyofuata akarudi kufundisha nyumbani, ingawa mjini walimtaka. Alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Saturnino Poma, tarehe 8 Septemba 1969, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Rufino.

Wengi mnamkumbuka kwa darasa la Alhamisi, la akina mama waliojua Kiquechua tu, lugha yetu ya nyumbani, waliokuwa wakichekwa sokoni kila wakifungua mdomo. Walikaa duara wakimenya viazi, wakinyambua kitenzi cha kula kwa Kihispania, wa kwanza anasema "nakula", wa pili "unakula", wa tatu "anakula", hivyo hivyo hadi wa sita, na kila mmoja alikuwa na nafasi yake ya kudumu. Nafasi ya tano, coméis, yaani "mnakula", hakuna aliyeitaka, kwa kuwa huku kwetu neno hilo halina mtu wa kulisema, liko vitabuni tu. Mama Brígida Ccente, ambaye ndiye wa sita, akamwambia, "Hilo la Wahispania chukua mwenyewe, mwalimu, sisi tuna viazi vya kumenya." Mama akacheka, akalichukua, na hakuliacha tena.

Tarehe 3 Februari mwaka jana alipatwa na kiharusi, sauti ikapotea. Wenzake wa Alhamisi waliendelea kuja, wakizunguka kitanda, na wakifika nafasi ya tano wanamsubiri, naye anahangaika na ule mdomo mpaka machozi yanamtoka, ndipo Brígida anamwinamia, "Taratibu, mwalimu, hatuna haraka," kisha anasema lake. Nilikasirika, niliona wanamtesa, nikawaambia wasije tena. Mama akanishika mkono, akakataa kwa kichwa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi. Mchana walikuja na viazi vyao, wakamkuta amelazwa, wakaketi wakaanza, wakafika nafasi ya tano, wakasubiri. Brígida akagoma kuendelea. "Nikisema langu ndiyo imekwisha hiyo," akasema. "Mimi sisemi." Mpaka leo hajasema.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa kituo chetu cha afya, walimu wenzake, na majirani mliotupikia tangu siku ile.

Mama Brígida, tukishamshusha kaburini, wenzako wataanza, tutasubiri pale pa tano kadiri utakavyo wewe, halafu tunakuomba useme lako, maana Rufino na mimi hatuwezi kurudi nyumbani kabla hujalisema.

Pumzika kwa amani, mama, nafasi yako hatumpi mtu.