Asiyepiga Hodi

Aliyetusimulia haya kwanza ni shangazi, mwaka ule jiji lilipoweka masanduku ya vitabu vijiweni, mwezi uleule tuliomzika baba mkubwa. Baba mkubwa alikuwa fundi cherehani. Kijiweni walimwita Redio, kwa kuwa ndiye aliyewasomea wenzake kila alasiri. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu kwenye kona, na sanduku la jiji limepigiliwa ukutani juu yake. Alipofariki, nafasi yake ya katikati ilibaki wazi. Watu walijibana pembeni wakaiacha. Shangazi, ambaye hakuwahi mazishi, alitoka mji mwingine kuja kuchukua cherehani ya kaka yake. Kabla hawajamwona, akawasikia watatu wakibishana: Waziri, fundi pancha mwenye mipango ya nchi nzima, Wembe, kinyozi, na Mapengo, muuza kahawa. Afisa wa jiji alikuwa aje kesho yake kuwauliza watu wafanyweje ili wasome. Kijiwe kisicho na msomaji kingenyang'anywa sanduku.

— Mimi nitamwambia neno moja tu, alisema Waziri. Kuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi nyufa zote ziachwe, kuta zijengwe, tuandike hadithi mji mzima. Mtu akitoka sokoni hadi kwake keshamaliza sura.

— Na mvua ikinyesha?

— Watasoma haraka.

— Kichwa chako kinataka kiraka, alisema Wembe. Dawa ni kinyozi. Namnyoa mtu upande mmoja, nampa kitabu. Akimaliza ukurasa, namalizia upande wa pili.

— Na asiyejua kusoma?

— Atazunguka na nusu yake mpaka ajue.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Mapengo akimimina. Chapeni hadithi kwenye mashati. Lakini dawa yenyewe aliijua Redio. Unasoma, ukifika patamu unafunga kitabu. Kesho benchi limejaa.

— Na safari hii akafunga pale mlangoni, alisema Wembe.

Mapengo akaacha kumimina.

— Mwanamke yuko mlangoni kwa watu, alisema Waziri taratibu. Anagonga. Redio anafunga kitabu, anasema tutaonana kesho. Kesho yake tunambeba yeye.

— Jamani, msinicheke, alisema Wembe. Tangu siku ile, mmesikia kitu?

— Kitu gani?

— Juzi mchana nanyoa. Mlango nimeurudishia sababu ya vumbi. Ukagongwa. Mara mbili, kimya, mara moja. Nikangoja hodi. Hodi hakuna. Nikaendelea kunyoa.

Mapengo aliweka birika chini.

— Kwangu ni dirisha la jikoni. Mara mbili, kimya, mara moja. Nikavuta pazia. Mke wangu akasema ni wewe, Wembe, na mizaha yako.

— Mimi ni kwenye bati, alisema Waziri. Nilikuwa nimejilaza, nikajifunika shuka. Nikasema ni paka.

— Paka anayejua kunyamaza katikati?

— Basi ni hivi, alisema Waziri. Hadithi isiyoisha ni kama ng'ombe asiyefungwa, itaingia shamba la mtu. Yule mama katoka kitabuni, anatafuta wa kumsomea mbele.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema Mapengo.

— Apone nini, na mimi silali? Tusome kurasa zilizobaki, aingie hukohuko kwenye hadithi yake, atuache.

— Soma wewe.

— Macho yangu, si unayajua. Wembe?

— Nina wateja.

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

— Hodi hapa, alisema shangazi.

Wote watatu walishtuka. Mapengo alijimwagia kahawa mkononi.

— Karibu, dada. Karibu sana.

— Mimi ni dada yake Redio. Huyo mama wa kwenye hadithi alivaa nini miguuni?

— Pole kwa msiba, alisema Wembe. Ndara. Moja imeshonwa kwa uzi wa kijani.

— Alikuwa akienda wapi?

— Kuazima sindano kwa jirani. Kaacha chungu motoni. Watoto wakakaa wanakiangalia mpaka maji yakakauka.

— Na hodi hapigi kwa nini?

— Hana sauti. Aliugua, ikapotea.

Shangazi aliketi pale katikati, mahali pa kaka yake, na hakuna aliyemzuia. Ndara ile, sindano ile na chungu kile ni vya nyumbani kwetu. Ndivyo alivyotoka mama yao, yaani bibi, baba yangu akiwa bado ananyonya, asionekane tena. Baba mkubwa, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alitumwa kumfuata kwa jirani. Alirudi peke yake. Maisha yake yote hakutuambia aliona nini njiani.

— Nipeni kitabu, alisema shangazi. Nataka kujua aliingia kwa nani.

Wembe akafungua sanduku. Uzi wa cherehani ulikuwa bado kati ya kurasa, pale Redio alipokomea. Shangazi akasoma kimya. Akafunua mbele, akarudi nyuma hadi mwanzo. Kisha akawasomea kwa sauti: namna ya kufukiza mzinga, namna ya kumtambua malkia wa nyuki. Hakukuwa na mwanamke, wala mlango.

— Siyo chenyewe hicho, alisema Waziri.

— Ndicho, alisema Mapengo. Nilikaa ubavuni kwake. Nilimwona akifunua, macho yanafuata mistari.

Wembe alikitazama kitabu bila kukigusa.

— Basi mwisho wake ndio hatutaupata, alisema.

— Mmesema amegonga kwenu.

— Ndiyo, dada.

— Mara mbili, kimya, mara moja. Ndivyo alivyokuwa akigonga akirudi kisimani. Nilikuwa namkimbilia.

— Ndiyo, dada.

— Sasa kati yenu, nani alimfungulia?

Waziri alitazama viraka vyake. Wembe alitazama mlango wake. Mapengo aliinua birika ili ammiminie mgeni. Yakatoka matone, kisha hayakutoka.

Shangazi hakurudi kwake. Afisa alimkuta kijiweni na sanduku likabaki. Anasoma pale kila alasiri, kilichoandikwa tu, neno kwa neno, na chumba cha baba mkubwa, anamolala sasa, hakifungwi mlango.

Waziri ameshafariki, na baba yangu pia. Wembe bado ananyoa. Mapengo yupo, ingawa kahawa ameacha. Shangazi yu hai. Bibi hatujui tumweke upande gani.